Watoto wanashinda mchezo wa maktaba, kazi halisi inawashinda. Tatizo liko wapi?

#1 Mwalimu_Ligula (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nasimamia klabu ya usomaji katika shule moja ya sekondari hapa Mtwara mjini. Tangu mwaka jana tunawapeleka wanafunzi maktaba na kuwafundisha kwa michezo. Tunaoutumia zaidi ni wa kusaka: kila kundi linapewa bahasha yenye namba ya kitabu na swali. Wanakwenda rafuni, wanakitafuta, wanafungua ukurasa uliotajwa, na jibu linawapa namba ya kitabu kinachofuata. Kundi la kwanza kumaliza linapata madaftari. Wanaupenda sana. Wale wasiofungua mdomo darasani, huku ndio wanaoongoza wenzao.

Shida inaanza ukiwaondolea bahasha. Juzi niliwapa kazi ya kawaida: andikeni ukurasa mmoja kuhusu mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa huku kusini, vyanzo visipungue viwili. Mabingwa wangu wa kusaka wakakwama. Wengi waliomba simu nyumbani, wakanakili aya ya kwanza iliyotokea, wakaniletea. Hakuna aliyefungua faharasa ya kitabu chochote. Hakuna aliyeuliza kitabu kimeandikwa lini wala na nani.

Dai langu: michezo tunavyoicheza inafundisha kushinda mchezo tu. Ustadi wa kutafuta habari na kuipima hauhami kwenda kwenye kazi nyingine. Anayeona tofauti anieleze, maana nataka kuendelea nayo.

#2 Binti_Mikindani

Nimekaa hapa, wajuzi tiririkeni. Hata madrasa tuna shida hiyo hiyo: mtoto anashinda mashindano ya maswali, ukimpa kitabu atafute mwenyewe anakurudishia.

#3 Hesabu_Tandahimba

Mwalimu, kabla hujaulaumu mchezo, angalia namba zenyewe. Namba za rafuni ni desimali, na desimali zinawatesa watoto kuliko tunavyodhani.

Chukua vitabu vinne: 634, 634.573, 634.9 na 639.2. Cha kwanza ni cha matunda na miti kwa jumla, cha pili korosho, cha tatu misitu, cha nne uvuvi. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha kwanza avipange. Wengi wataitanguliza 634.9 kwa sababu 9 ni ndogo kuliko 573. Wanazisoma tarakimu za baada ya nukta kama namba nzima. Hili naliona darasani kila mwaka.

Mimi nawapa kila mmoja kipande cha boksi chenye namba, wanajipanga mstari uwanjani bila kusema neno. Mstari ukitulia ndipo wanaruhusiwa kubishana, na anayetaka kumsogeza mwenzake lazima atoe sababu. Wakitoka hapo rafu haiwasumbui. Nahisi watoto wako wanapita rafu nzima kwa macho mpaka kitabu kionekane. Kama ndivyo, hata hicho unachodhani wamejifunza hawajakijifunza.

#4 Mkutubi_Kusini

Hesabu yuko sahihi kuhusu nukta, ila nukta haielezi kilichotokea kwenye kazi ya Tendaguru.

Nimesomea ukutubi Bagamoyo na nimetumikia maktaba za huku kusini miaka mingi. Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Mike Eisenberg na Bob Berkowitz, waliigawa kazi ya kutafuta habari katika hatua sita: kuelewa unatakiwa kujua nini, kuchagua aina ya vyanzo, kukifikia chanzo, kusoma na kuchukua kinachofaa, kuunganisha ulivyovipata, na mwisho kupima kazi yako. Sasa itazame bahasha yako. Swali umelitunga wewe. Kitabu umekichagua wewe. Hadi ukurasa umeutaja wewe. Mtoto amebakiwa na hatua ya tatu na sehemu ya hatua ya nne. Siku ya kazi ukamwambia aanzie ya kwanza, ambayo hajawahi kuigusa hata siku moja.

Halafu nina ombi. Michezo ya kusaka inatuumiza sisi wahudumu. Watoto wakiwa mbio wanarudisha kitabu popote penye nafasi, na kitabu kilichokaa rafu isiyo yake msomaji mwingine hakipati tena mpaka tufanye ukaguzi wa rafu. Ndiyo maana tunawaomba wasomaji waache vitabu mezani, tutavirudisha wenyewe. Ingieni kwenye rafu na kadi, vitabu vikae.

#5 Kete_SitiniNaNne

Mimi nitasema la zawadi, naona linapitwa.

Nimejifunza bao barazani Mikindani kwa kukaa pembeni ya wazee. Hakuna aliyenipa daftari. Mashimo 32, kete 64, unatazama mpaka unajua mtu anataka kula wapi. Unarudi kesho kwa sababu mchezo wenyewe umekukamata.

Mwaka 1973 huko Marekani watafiti watatu, Lepper, Greene na Nisbett, waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora. La pili lilipewa cheti hicho bila kuahidiwa, likashtukizwa tu. La tatu halikupewa kitu. Baadaye kalamu zilipowekwa mezani kila mmoja afanye anachotaka, walioahidiwa cheti walichora kidogo kuliko wengine. Walioshtukizwa hawakupungua.

Madaftari ya Mwalimu yametangazwa kabla. Mtoto anakimbilia daftari, na siku daftari halipo hana la kukimbilia.

#6 mzazi_Chuno

Kete, hao watoto wa kalamu walikuwa tayari wanapenda kuchora. Wetu wengi hawajawahi kuingia maktaba, utaua penzi gani ambalo halijazaliwa?

Mimi nina wawili kwenye klabu za namna hii, siyo lazima ya Mwalimu. Msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, Jumamosi mtoto anahitajika shambani kuokota. Ili nimwache aende mjini lazima nione faida, na daftari ni faida ninayoiona kwa macho. Ondoeni madaftari muone watakaobaki. Watabaki watoto wa walimu na watoto wa wafanyakazi wa ofisini.

Na mnasahau kuwa mtoto akitoka kwenye mchezo, maktaba ikifunguliwa yeye yuko shule, yeye akitoka shule maktaba inakaribia kufungwa. Atahamishia wapi huo ustadi?

#7 Nachingwea_Kwetu

Wakuu, mimi ni mwalimu wa historia. Kwetu tulibadilisha aina ya chanzo. Badala ya kusaka vitabu, wanafunzi wanasaka mashahidi. Mada ilikuwa mpango wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Kila kundi linapata kadi ya chanzo: kundi moja linakwenda kwa mzee anayeikumbuka reli ya Mtwara hadi Nachingwea kabla haijang'olewa, jingine linachukua kitabu cha kiada, jingine makala ya gazeti. Wakirudi, kila kundi linaweka hoja mezani na wenzao wanaruhusiwa kuuliza maswali matatu tu: umeijuaje, lini, na nani mwingine kasema hivyo. Hoja isiyojibika inaondolewa. Pointi zinapatikana kwa kuuliza swali zuri, siyo kwa kumaliza kwanza.

Nilipowapa kazi nyingine ya Kilwa, ya Vasco da Gama alipoivamia mwaka 1505, baadhi yao walianza wenyewe na "nani mwingine kasema hivyo". Kwa hiyo Mwalimu, ustadi unahama. Tatizo lako ni mbio.

#8 Abuu_Kilwa

Nachingwea, mchezo wako nimeupenda, sasa acha niucheze juu yako. Aliyeivamia Kilwa mwaka 1505 ni Francisco de Almeida. Vasco da Gama alifika 1502, akamlazimisha sultani kulipa kodi kwa Mreno. Watu wawili, safari mbili. Waulize hao hao wanafunzi, kama "nani mwingine kasema" imewaingia watakuwa wameshakukamata.

#9 Nachingwea_Kwetu

Almeida, 1505. Asante. Kadi inabadilishwa kesho.

#10 Lindi_Nyumbani

Watu wa Mtwara mnaazima mjusi wetu bila hodi! Tendaguru iko Lindi, kama kilomita 60 kaskazini magharibi ya mji. Mmeshachukua bandari kubwa na uwanja wa ndege, mifupa tuachieni 😀

Nikirudi kwenye hoja, mada uliyoitoa ni ngumu kuliko unavyoiona, Mwalimu, na hapo naona sababu nyingine. Mtoto atafute kwenye rafu gani? Mifupa ya kale ya mijusi iko 567.9. Historia ya Tanzania iko 967.8. Kitabu kimoja kinamwita Brachiosaurus, jina alilopewa na mtafiti wa Kijerumani, Janensch, mwaka 1914, na kingine kipya kinamwita Giraffatitan. Mtoto anadhani ni wanyama wawili. Kimo nacho kinatofautiana, kwa sababu mifupa iliyoko Berlin ilisimamishwa mara ya kwanza 1937, ikapangwa upya 2007 miguu ikanyooshwa zaidi, na sasa inafika mita 13.27. Kitabu cha zamani hakidanganyi, kimepitwa tu. Hakuna mchezo wa bahasha unaomwandaa mtoto kwa vyanzo viwili vinavyopishana na vyote vimeandikwa na watu makini. Kwenye bahasha jibu ni moja daima.

#11 Mwalimu_Ligula

Lindi, utani nimeupokea, mjusi ni wenu. Hili la jibu moja limenigusa. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini tovuti moja inasema Wajerumani waligundua mifupa 1909 na nyingine 1906. Nikamjibu 1909 maana ndiyo iko kwenye notisi.

#12 Lindi_Nyumbani

Huyo mwanafunzi mpe nafasi, ameshaanza kupima. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Sattler, aliikuta mifupa na kutoa taarifa. 1909 ni mwaka msafara wa Berlin ulipoanza kuchimba, ukaendelea hadi 1913. Na neno "waligundua" lenyewe liwekwe kwenye mchezo: waliochimba na kubeba ile mizigo kichwani hadi bandari ya Lindi ni watu wa huku. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na kuna mjusi mmoja wa huko aliyepewa jina lake mwaka 2007, Australodocus bohetii. Waambie watafute jina hilo kwenye vyanzo vyao, waone ni vingapi vinalitaja. Hapo watajifunza kuuliza kitabu kimemwacha nani nje.

#13 Binti_Mikindani

Boheti bin Amrani! Nimesoma Lindi sekondari na sikuwahi kusikia jina hilo. Asante sana.

#14 Abuu_Kilwa

Lindi kafungua mlango, niingie. Hizo namba za rafuni zenyewe alizitunga mtu, Melvil Dewey, Mmarekani, mwaka 1876. Ukienda rafu ya 200, ya dini, utakuta Ukristo umepewa karibu yote, na dini nyingine zote zimebanwa kwenye 290. Uislamu ni 297. Mtoto wa Kilwa aliyezaliwa na msikiti wa karne nyingi jirani anapanga foleni mwishoni mwa rafu. Sisemi tuzitupe namba, zinatusaidia kupata vitabu. Nasema mchezo unaomfanya mtoto azikariri bila kumwambia zilipangwa na nani unamfundisha kutii rafu, halafu tunashangaa anatii na aya ya kwanza ya simu.

#15 Hesabu_Tandahimba

Abuu, hoja nzito, lakini mtoto asiyejua 634.573 inatangulia 634.9 hafiki hata kwenye hiyo 297 akaulalamikie upangaji wake. Kwanza afike.

#16 Abuu_Kilwa

Afike akiwa anauliza, mwalimu wangu. Akifika amenyamaza hatauliza tena.

#17 Masasi_Juu

Nyote mnazungumzia rafu, na watoto wako kwenye simu. Nitaleta ya simu.

Kuna mchezo wa mtandaoni unaitwa Bad News, ulitengenezwa 2018 na watafiti wa Cambridge wakishirikiana na kikundi cha Uholanzi. Mchezaji anageuzwa kuwa msambazaji wa uongo: anajifanya taasisi, anachochea hasira, anawagombanisha watu, anatunga njama, na kila mbinu anapata beji. Nia ni kwamba ukishaitumia mbinu mwenyewe utaitambua ikitumiwa juu yako.

Nikatengeneza wa karatasi kuhusu Kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Kadi za ujumbe wa WhatsApp, nyingine za kweli nyingine nimezitunga, na kadi chache za taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kundi linaamua kipi kisambazwe. Mara ya kwanza wakasambaza kila kitu. Baada ya kucheza upande wa waongo wakageuka kabisa, wakawa hawasambazi chochote. Hata kadi ya barabara kukatika Somanga wakaitupa, na barabara ilikatika kweli, tuliokwama tunajua.

Nikaja kusoma kuwa mwaka 2023 watafiti wengine waliyachambua upya matokeo ya michezo ya aina hii wakaona jambo hilo hilo: wachezaji wanazidi kushuku kila kitu, cha kweli na cha uongo, bila kuwa hodari zaidi wa kutofautisha. Kwa hiyo Mwalimu, kuna hatari mbili. Wako anaamini aya ya kwanza, wangu haamini hata tangazo la serikali.

#18 Mkutubi_Kusini

Masasi, hapo kuna dawa inayojulikana. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford mwaka 2017 walilinganisha watu 45: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10, wanafunzi wa chuo 25. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibaki kwenye ukurasa walioletewa, wakausoma juu mpaka chini, wakavutiwa na nembo na lugha nzuri. Wahakiki waliuacha mapema, wakafungua kurasa nyingine kuangalia wenzao wanasema nini kuhusu wenye tovuti hiyo. Wakafika haraka na kwa uhakika zaidi.

Ndani ya mchezo wako iwepo hatua ya kutoka: kundi liruhusiwe kuulizia kadi moja kwa chanzo cha pili kabla ya kuamua. Asiyeulizia asipate pointi hata kama ameotea sawa. Kushuku peke yake kusilipwe.

#19 Kete_SitiniNaNne

Mmerudi kwenye pointi. Kila mtu humu anabadilisha kinacholipwa na hakuna anayejaribu kuacha kulipa.

#20 mzazi_Chuno

Kete, bao lenyewe lina mshindi na aliyefungwa anatambiwa mtaa mzima. Hayo si malipo?

#21 Kete_SitiniNaNne

Tambo linatoka ndani ya mchezo, mama. Daftari linatoka dukani. Kama lazima daftari liwepo basi lisitangazwe, litolewe kwa kushtukiza.

#22 mzazi_Chuno

Lisipotangazwa mimi simruhusu kutoka shambani. Tunarudi pale pale.

#23 Binti_Mikindani

Jamani niseme moja la lugha. Hawa wametoka darasa la saba wakisoma kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza na vitabu vya sayansi rafuni ni vya Kiingereza. Mdogo wangu anaijua mikorosho kuliko mwandishi wa kitabu, lakini hawezi kusoma aya tatu akajua ipi inamfaa. Kwenye mchezo unatafuta neno moja kwenye ukurasa uliotajwa, unalitambua hata bila kuelewa. Kwenye kazi lazima uelewe. Pengine hawakushindwa kutafuta. Walishindwa kusoma walichokipata.

#24 Mwalimu_Ligula

Binti, hilo nitalipima. Nitawapa kazi ileile, nusu wawe na vyanzo vya Kiswahili tu. Na nitachukua la Mkutubi: bahasha itakuwa na mada, haina namba. Kundi litunge swali lake, lichague rafu, litetee kwa nini limekwenda huko. Madaftari bado sijaamua, Kete na Mama Chuno mnanivuta huku na huku.

#25 Mkulima_Liwale

Wakuu, nimesoma uzi wote. Kwetu kijijini maktaba hakuna, shule ina kabati moja la vitabu na funguo anazo mwalimu mkuu. Mnatushauri nini?

#26 Mkutubi_Kusini

Liwale, anzeni na karatasi ambazo tayari zimo majumbani. Msimu wa kupulizia mikorosho kusanyeni vifungashio vya salfa na vya viuatilifu vingine vya ubwiri unga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho), vikiwa vitupu, na ninyi watu wazima mvioshe kabla mtoto hajashika. Bora zaidi nakilini maandishi kwenye kadi, mtoto asiguse kifungashio kabisa. Kadi moja ina tarehe ya kuisha muda, nyingine kipimo kwa mti, nyingine jina la mtengenezaji, nyingine onyo. Mchanganye na kadi za yale mnayoambiana vijiweni kuhusu dawa hiyo. Mtoto apewe shida ya mkulima: mti umeshaota unga mweupe kwenye maua, nifanye nini leo? Achague kadi za kumsaidia na aseme ipi ameiacha na kwa nini. Hapo anagusa nyingi ya zile hatua sita, na rafu haijahitajika.

#27 Mkulima_Liwale

Asante, mkutubi. Na kadi ya kifungashio ikisema hivi, bwana shamba akasema vile?

#28 Hesabu_Tandahimba

Hilo linatokea kila msimu. Mwaka juzi mchuuzi mmoja alituuzia mfuko wenye kipimo tofauti na alichotuambia bwana shamba, na mashamba mawili jirani yakapuliziwa vipimo viwili.

#29 Nachingwea_Kwetu

Basi wekeni kadi zote mbili mezani na muulize yale maswali matatu. Bwana shamba mwiteni aje ajibu mwenyewe mbele ya watoto, wengi wao wanapenda kuulizwa.